Buibui wa kahawia chini ya viti, na mtoto anatambaa: nifanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum. Tumehamia nyumba kongwe ya mawe hapa Lamu, mtaa wa Mkomani. Uani tuna viti vya plastiki, na chini yake nimeona buibui wa kahawia pamoja na vijipira vyeupe vyenye miba. Nina mtoto wa miezi tisa, ndiyo kwanza anatambaa. Mume wangu ataka kuita watu wa kupulizia dawa nyumba nzima. Mavyaa yangu amekataza, asema buibui hauawi kwa sababu alimsitiri Mtume pangoni. Tena juzi mtoto ameamka na malengelenge shingoni, jirani akasema amekojolewa na buibui. Nimfuate nani?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada. Vijipira hivyo vyenye miba vimenitosha kumtambua mgeni wako. Chukua tochi ya simu, usukume kiti kwa fimbo mpaka kilale ubavu, kisha umulike. Kifuko cha mayai kina ukubwa wa mbaazi, rangi ya maziwa mgando, na kimezungukwa na vimiba kama shokishoki. Karibu nacho utamwona mama mtu amening'inia tumbo juu, mviringo, miguu ina mapande ya kahawia na meupe. Chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa, pembetatu mbili zilizogusana ncha. Jina lake la kisayansi ni Latrodectus geometricus. Ni jamaa wa yule buibui wa Marekani aitwaye mjane mweusi, ambaye picha zake huzunguka sana kwenye WhatsApp, na ni kweli ana sumu.

Ila ni mwoga mno. Ukimgusa kwa kijiti hukunja miguu akadondoka kama aliyekufa. Huuma anapobanwa kwenye ngozi, na hapo ndipo viti vya plastiki vinapoleta shida: ule ukingo uliopinda kwa chini ndio anaoupenda kujificha, na ndimo vidole vyetu vinamopita tunapoinua kiti. Mpini wa ndoo iliyokaa siku nyingi ni hivyo hivyo, na ukingo wa chungu cha mrehani, na kibaiskeli cha mtoto kilichosahauliwa nje. Mtu mzima akiumwa, mara nyingi hupata maumivu na wekundu mahali pale, yakapoa kwa siku moja au mbili. Mtoto wa miezi tisa simpimi kwa kipimo hicho. Mwili wake ni mdogo, na hawezi kusema panapouma.

Kuhusu dawa, naomba mumeo anisikilize kama ndugu yake. Mende hutembea juu ya ukuta uliopuliziwa, kisha hujiramba miguu na sumu ikamwingia. Buibui huyu hukaa juu ya utando wake, na akitembea hugusa chini kwa ncha za miguu tu. Dawa ya ukutani haimfikii sawasawa. Humfikia mtoto, anayepitisha viganja sakafuni kisha akavitia mdomoni. Humfikia na paka: nyingi za dawa hizi zina permethrin au jamaa zake, na ini la paka haliwezi kuivunjavunja permethrin. Na kama nyumba yenu bado ina birika chooni lenye vile vijisamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, dawa hizo huwaua samaki kwa kiasi kidogo sana. Nimewahi kuingia nyumba moja siku mbili baada ya kupuliziwa. Vijisamaki vilikuwa vinaelea ubavu, na buibui yuko palepale chini ya ngazi, mzima.

Kazi hii ni ya mkono. Ifanye mchana, mtoto akiwa amelala au yuko kwa bibi yake. Vaa viatu vya kufunika, mikono mirefu na glavu nene. Weka ndoo ya maji yenye sabuni nyingi. Chukua kijiti kirefu, ukizungushe ndani ya utando kama anayesokota uzi. Utando wake ni mgumu, utausikia ukikatika kwa mlio mdogo, na buibui hufuatana nao. Vitumbukize vyote ndani ya ndoo. Vifuko vya mayai usivitupe jalalani, maana kimoja huweza kuwa na mayai zaidi ya mia. Viponde kwa kijiti humo humo majini, uviache mpaka kesho. Kisha sugua viti kwa brashi, upite pembe zote za ua na ufagio wa mti mrefu.

Baada ya hapo tazama kinachomvuta. Taa inayowaka usiku kucha mlangoni huita wadudu, na wadudu humwita yeye. Rundo la makumbi, mabati, mawe ya ukarabati au boriti zilizoegemezwa ukutani ni nyumba yake ya pili. Kitanda cha mtoto kisiguse ukuta, na chandarua kichomekwe chini ya godoro. Nguo na viatu vilivyolala sakafuni vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Mavyaa yako nampa heshima yake, na kwa buibui wengi wa nyumba yako maneno yake ndiyo ya kufuatwa. Yule mkubwa bapa anayekimbia ukutani upandeupande usiku, anayewatisha wageni, hula mende na hana haja na nyinyi. Wale wa miguu mirefu kama nyuzi kwenye pembe za dari nao waacheni. Mwambie hutagusa hata mmoja wa hao. Unayemwondoa ni huyu wa chini ya kiti tu, kwa ajili ya mjukuu wake. Nadhani atakuelewa.

Malengelenge ya shingoni si mkojo wa buibui. Buibui hamkojolei mtu akamwunguza. Ninayemshuku ni Nairobi flai, mdudu mwembamba kama chungu mrefu, mapande mekundu na meusi, ambaye hujaa kwenye taa nyakati za mvua. Haumi. Akipondwa juu ya ngozi, maji ya mwilini mwake huunguza, na malengelenge hutokea baada ya siku moja hivi. Mkimwona juu ya mtoto, mpulizeni kwa pumzi au mpandisheni kwenye karatasi, msimsugue. Kisha osheni mahali hapo kwa sabuni, na shuka pia. Hata hivyo mpeleke mtoto akaangaliwe, kwa kuwa tetekuwanga nayo huleta malengelenge.

Na mtu akiumwa? Osha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika kumi kumi. Msichanje, msifyonze, msifunge kamba, msiweke jiwe jeusi wala mafuta ya taa. Piga picha ya buibui ikiwezekana. Mtoto mdogo, mjamzito au mzee aende hospitali bila kungoja. Mtu mwingine aende akiona tumbo linakaza, jasho linamtoka bila sababu, anatapika au anapumua kwa shida. Nyinyi wa mjini mko karibu; walioko Pate, Kizingitini au Manda waamue mapema, kabla usiku haujaingia na boti ikawa shida, na nambari ya nahodha iwe kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba.

Baada ya wiki tatu vigeuze tena viti vyote kwa fimbo, umulike. Mayai yaliyokuponyoka yatakuwa yameshaanguliwa, na vitoto vyake ni vidogo kama punje ya ufuta, kwa hiyo tazama kwa makini hasa kwenye ule ukingo.