Ukienda kujitolea kwenye semina ya walimu porini, beba maji kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kasulu aliniandikia: "Kaka, nataka kujitolea kwenye semina za walimu za nje ya darasa, ila sijasomea mazingira. Nitafaa?" Dada, mimi nilisomea, na siku ya kwanza sikufaa kitu.

Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza zimeshanyesha, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Hotuba nilikuwa nayo: mtafiti wa sokwe Jane Goodall alivyofika Gombe, msitu wa sokwe huku huku Kigoma, 1960, Roots & Shoots, mpango wake wa vijana wa kutunza mazingira, ulivyoanzia Dar es Salaam 1991 na wanafunzi 12, yote nimeyakariri. Walimu wamesimama juani. Madumu ya maji tumeyasahau kwenye bajaji, na bajaji imeshageuza kurudi mjini. Mwalimu mmoja akafungua mwavuli, mwingine akatoa madaftari akaanza kusahihisha. Mimi naendelea tu!

Aliyeniokoa ni mama mmoja anayefundisha darasa la tatu. Alichuchumaa kando ya kichuguu, akang'oa unyasi, akaupenyeza taratibu tunduni. Alipouvuta, mchwa askari wanne wameung'ata, hawaachii. "Si ndivyo sokwe wanavyovua, mwalimu?" Ndivyo. Goodall aliliona hilo Gombe, Novemba kama hiyo, 1960, wakati wataalamu wakiamini binadamu pekee ndiye hutengeneza zana. Kwangu lilikuwa ukurasa wa nne wa hotuba. Punde kila mwalimu ana unyasi mkononi, wanabishana nani kavua wengi, na hotuba hakuna anayeiulizia.

Kwa hiyo beba maji. Hesabu vikombe. Ujue kivuli cha saa sita kitaangukia wapi, na choo kiko wapi. Ukishamaliza hayo, nyamaza. Narudia: nyamaza. Sisi tuliosoma tuna ugonjwa wa kumfundisha mti mtu aliyekua akichunga mbuzi chini yake.

Sifichi, niliumia. Kwenye shukrani alitajwa dereva, akatajwa mpishi, mimi nikawa "na wengineo". Cheti nacho kikaja na jina limekosewa. Semina iliyofuata nikapangiwa sufuria. Nikasugua kwa hasira, nikiwasikia walimu wanacheka kule kwenye vichuguu. Anayejitolea ili atajwe abaki nyumbani, maana hata posho hakuna.

Mwezi ujao tunarudi palepale. Ukija, dada, madumu ni matatu: mawili yako, moja langu. Na bajaji haiondoki mpaka nimeyahesabu chini.