Unataka kuigiza tamthilia ya runinga na uko Moshi? Anza na jukwaa

Ujumbe ninaopokea zaidi kutoka kwa mabinti wa Moshi na Arusha ni huu: "Dada, nataka kuingia kwenye tamthilia, nianzie wapi?" Wengi wanategemea niwape namba ya muongozaji fulani wa Dar. Namba sitoi. Jibu ninalo, na huwa haliwafurahishi: anza na jukwaa, hapo hapo ulipo.

Tamthilia inarekodiwa mbiombio. Skripti unatumiwa usiku, alfajiri uko lokesheni, na sini za siku hiyo hazifuatani. Asubuhi unamlilia mumeo aliyekufa, mchana mnafunga ndoa. Muda wa mazoezi ni ule ambao mtu wa taa anahamisha taa zake, basi. Hakuna atakayekaa akufundishe kumsikiliza mwenzako anapoongea badala ya kusubiri zamu yako ya kusema. Hayo unatakiwa uje nayo kutoka kwenu. Jukwaani mnarudia igizo moja mpaka mistari ya mwenzako unaijua kama yako, na siku ya onyesho ukisahau, hakuna wa kusema "kata".

Mimi nilianza na igizo la Krismasi kanisani, kisha nikaingia kikundi cha sanaa kilichokuwa kinazunguka vijijini na elimu ya afya. Siku ya gulio tunapiga ngoma pembeni ya soko, watu wakijaa tunaanza. Kipaza sauti hakuna. Mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani hasimami kukufanyia hisani. Ukimchosha anaondoka zake, na wenzake wanamfuata. Pale unajifunza kutoa sauti tumboni badala ya kooni, na unajifunza kuhisi kwamba watu wameanza kukuchoka kabla hata hawajageuka. Kwa kamera hiyo ni dhahabu, maana kamera haiguni wala haiondoki.

Sisemi usiende chuo. Bagamoyo kuna TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho tangu enzi za wazazi wetu. Msome Profesa Amandina Lihamba: kaandika, kaongoza, kafundisha na kuigiza, na hakuona kimoja kinamzuia kingine. Lakini ada ikiwa bado haijapatikana, kwaya ina igizo la Pasaka, na shule ya kata iliyo karibu nawe pengine ina klabu inayotafuta mtu wa kuwasaidia.

Ukifika mbele ya kamera, kuna vitu vya kupunguza. Ile nyusi uliyozoea kuipandisha ili wa nyuma kabisa aione, kwenye runinga inakufanya uonekane umepagawa. Sauti nayo ishushe, maikrofoni iko juu ya kichwa chako au imebandikwa kifuani. Wazo liwe lile lile la jukwaani, ila libaki machoni.

Halafu nunua daftari. Watu wananicheka kwa hili daftari, na ndilo linaloniitisha kazini tena. Kila sini ikiisha naandika: jikoni, kitenge cha bluu kimefungwa kushoto, hereni ndogo, mwiko mkono wa kulia, nimetoka kugombana na wifi, bado nahema. Sini inayoendelea baada ya hapo inaweza kurekodiwa wiki nyingine kabisa, na mhusika hawezi kutoka jikoni na hereni moja akaingia sebuleni na nyingine. Kuna mtu wa kuangalia mwendelezo, ndiyo, lakini yeye anaangalia watu wote. Jinsi ulivyokuwa unahema hataikumbuka.

Lafudhi wala isikutie aibu. Ni kweli wa kwetu tukitokea kwenye usaili wa kwanza tunapewa mwenye duka anayeng'ang'ania chenji (ule utani kwamba watu wa Kilimanjaro tunapenda hela). Pokea, uucheze vizuri. Nyumbani kaa ujizoeze kuongea kama mtu wa Tanga, kama mtu wa Mwanza, ili siku wakitafuta mwingine wasikuone wa duka tu.

Na jiandae na mtaa. Nilipocheza mama wa kambo, mama mmoja wa nyanya pale Mbuyuni alifunika sado yake na kanga. "Sikuuzii mpaka yule mtoto umpe chakula." Hakuwa anatania. Nilimjibu, "Mama, keshokutwa atakula, angalia mwenyewe," akaniuzia huku amenuna. Usigombane na mtu wa hivyo, amekulipa sifa kubwa.

Kuhusu hela nitasema kwa ukali kidogo. Uliza mapema unalipwa kwa sini, kwa siku au kwa mwezi, na nauli na malazi ni juu ya nani. Kutoka Moshi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, na kulala kwa binamu Mbagala huku lokesheni iko Bunju ni kuitafuta homa. Kuna mtayarishaji mmoja alinizungusha na "malipo yako yanashughulikiwa" mpaka tamthilia yenyewe ikaisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kuwa ana haki katika uigizaji wake. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ipo kwa ajili hiyo. Mkataba usome wote, hasa kipengele cha marudio na cha kuuzwa kwa kituo kingine. Anayekuambia "sisi ni familia, saini tu" mwombe akupe siku moja ukausome nyumbani.

Usaili siku hizi unaanza kwa video. Simu ilaze kwa upana, simama ukitazama dirisha ili mwanga ukuangukie usoni, zima redio ya jirani kama unaweza. Taja jina, umri unaoweza kucheza na mji ulipo. Kisha fanya kipande kifupi ambacho unamsikiliza mtu kuliko kuongea. Kilio waachie wengine, wanaosaili wanatumiwa vilio mia kwa siku.