Re: Moshi wa karakana Nyakato, sheria inasemaje?

Ndugu, umeuliza kama kuna sheria ya kumzuia jirani anayechoma mabaki ya plastiki na matairi karakanani kwake usiku. Ipo, tena ina meno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinakuruhusu kwenda mahakamani kuidai. Halafu kuna Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za 2007, zinazoweka kikomo cha vumbi, masizi, salfa na kaboni monoksaidi.

Ila usikimbilie mahakamani. Anza na mwenyekiti wa mtaa, kisha afisa mazingira wa halmashauri. Peleka barua, siyo maneno ya mdomo, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila huo muhuri utazungushwa mpaka uchoke. Wakikaa kimya, nenda NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira; ofisi yake ya Kanda ya Ziwa ipo hapahapa Mwanza.

Ushahidi ndio kila kitu. Andika tarehe, saa na upepo ulikotoka. Mchana huvuma kutoka ziwani, usiku hugeuka kuelekea ziwani, kwa hiyo saa ya kuchoma ndiyo inayoamua nani anavuta moshi. Piga picha masizi kwenye shuka zilizoanikwa na kwenye mifuniko ya ndoo za maji. Majirani wenzako nao wasaini, hasa wenye watoto wa pumu. Tafadhali msicheleweshe, mapafu ya mtoto hayasubiri.