Uchachu kwanza, sukari baadaye: maswali yenu kuhusu matunda ya friza yenye ladha ya pipi

Tangu nieleze jinsi ya kugandisha zabibu zilizoviringishwa kwenye unga wa jeli, maswali hayajakoma. Mengi yanafanana, kwa hiyo nimeyaunganisha. Machache yamenichekesha, moja limenitia wasiwasi.

Nilikosa maelezo ya mwanzo. Zinatengenezwaje, kwa ufupi?

Osha nusu kilo ya zabibu zisizo na mbegu, zitoe kwenye vikonyo, kisha zifute hadi ziwe kavu kabisa. Ziweke kwenye bakuli, zinyunyizie vijiko 2 vya chakula vya maji ya limau, zigeuzegeuze, halafu zimimine kwenye chujio ili maji ya ziada yatoke. Mwaga unga wa jeli wa ladha uipendayo kwenye sahani (vijiko 4 vya chakula vinatosha kuanzia) na uviringishe zabibu chache chache hadi zivae unga pande zote. Zipange kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea, zisigusane, na uziingize kwenye friza kwa muda wa saa 3 hadi 4. Zikishakuwa ngumu zihamishie kwenye mfuko wa zipu. Kazi imekwisha.

Dada, zangu zimetoka nzuri kwa macho lakini ladha imepooza. Nimeongeza sukari mara mbili na bado. Nakosea wapi?

Unakosea hapohapo kwenye sukari. Ulimi ukipoa, utamu hauuhisi kama kawaida. Onja aiskrimu iliyoyeyuka uone: inakuwa tamu hadi inakinaisha, na ni ileile uliyoiona ya kawaida ilipokuwa imeganda. Harufu nayo hufifia, maana kitu cha baridi hakitoi mvuke wa kutosha kufika puani, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ya stroberi au ya chungwa tunaipata kwa pua, si kwa ulimi. Kwa hiyo umerundika utamu mahali ambapo utamu hausikiki.

Uchachu ndio unaostahimili baridi. Soma karatasi ya pipi yoyote ya matunda na utakuta asidi imetajwa, mara nyingi asidi ya sitriki. Hiyo ndiyo inayokukunja uso na kujaza mate mdomoni, kisha utamu unaokuja nyuma yake unauona mkubwa kuliko ulivyo. Ukiiondoa, pipi ya stroberi inabaki sukari yenye manukato. Unga wa jeli huwa na asidi yake ndani, ila viwango hutofautiana na vingine ni hafifu mno kwa kitu kitakacholiwa kikiwa barafu.

Fanya hivi. Chukua vijiko 4 vya chakula vya sukari laini na nusu kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, ile ya chembe nyeupe zinazofanana na sukari yenyewe. Paruza juu yake ganda la limau, sehemu ya njano tu, kwa sababu nyeupe ya ndani ni chungu. Sugua mchanganyiko kwa vidole mpaka sukari ianze kuwa na unyevunyevu kama mchanga wa ufukweni na harufu ikupande puani. Ongeza chembe chache za chumvi. Sasa onja kwa ncha ya ulimi: kama umefumba jicho moja bila kupenda, usipunguze chochote. Ikishaganda juu ya zabibu itatulia. Sukari chachu hii unaweza kuitumia peke yake au kuichanganya nusu kwa nusu na unga wa jeli.

Na chagua zabibu zenye ukali kidogo. Zile za kijani zilizo ngumu na zinazolia zikitafunwa huwa bora kuliko nyeusi zilizoiva sana. Watu hufikiri tunda tamu zaidi ndilo litakalotoa pipi tamu zaidi. Kwa zabibu za friza mimi naona kinyume chake.

Unga wote umeyeyuka, umebaki uji mwekundu chini ya trei.

Hayo ni maji tu. Pengine zabibu hazikufutwa vizuri, au limau lilizidi, au zilikaa mezani muda mrefu zikiwa zimeshavikwa unga. Sukari huvuta maji kutoka kwenye hewa na hata kutoka kwenye tunda lenyewe, kwa hiyo kila dakika unayochelewa inayeyusha kazi yako. Weka trei tupu kwenye friza kabla hujaanza, na vika unga kwa mafungu madogo.

Baada ya kuganda, toa zile zinazoliwa wakati huo tu. Unyevu wa hewa hutua juu ya kitu cha baridi kama unavyotua kwenye glasi ya maji ya barafu, na koti lako la sukari litaishia vidoleni.

Wanaotaka sukari ya nje ibaki na chembechembe zinazosagika menoni wafuate njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoipenda: gandisha zabibu tupu bila kitu. Wakati wa kula, zichovye haraka kwenye maji ya limau na uziviringishe kwenye sukari chachu. Limau huganda likigusa tu tunda na kuishika sukari palepale. Zile sahani mbili, ya limau na ya sukari, ziwe tayari kabla hujafungua friza.

Jeli nyingi zina jelatini. Kwetu hatuli isiyo halali. Kuna njia nyingine?

Ipo, na ni rahisi kuliko unavyodhani. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama: ng'ombe, nguruwe, wakati mwingine samaki. Pakiti ikiandika "jelatini" tu, huwezi kujua ni ya mnyama gani mpaka uone alama ya uthibitisho au uwaulize watengenezaji. Lakini katika kitafunio hiki jelatini haina kazi yoyote. Hatugandishi jeli, tunatafuta ladha, rangi na uchachu vilivyomo ndani ya ule unga. Sukari chachu niliyoieleza hapo juu inafanya kazi yote hiyo. Ukitaka rangi na harufu ya tunda, saga stroberi au embe lililokaushwa hadi likawa kavu la kuvunjika, uchanganye humo.

Kuna aliyeniuliza kama aweke agari, ile inayotokana na mwani, badala ya jelatini. Haisaidii hapa. Agari haifanyi lolote mpaka ichemshwe na maji.

Nilisikia nanasi haliendani na jeli. Ni kweli?

Ni kweli unapotaka jeli igande kwenye bakuli. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho hukatakata protini ya jelatini, nayo ikabaki majimaji; papai na kiwi wana tabia hiyohiyo. La kopo halina shida kwa sababu limeshapikwa kwa joto. Kwa kuviringisha tu, endelea bila wasiwasi. Ila nanasi lina maji mengi juu yake, kwa hiyo ruka hatua ya limau: unyevu wake unatosha kushika unga.

Kwa nini tikiti maji limekuwa jiwe wakati zabibu zinatafunika?

Sukari tena, lakini safari hii kwa namna nyingine. Maji yenye sukari huganda kwenye baridi kali zaidi kuliko maji matupu. Zabibu ina sukari karibu asilimia 16; inapoanza kuganda, maji hugeuka barafu kwanza na sukari inabaki kwenye maji yanayozidi kupungua, hadi yanakuwa rojo zito ambalo halikubali kuganda lote hata friza ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Rojo hilo ndilo linalolainisha. Tikiti lina sukari isiyofika hata nusu ya hiyo, kwa hiyo karibu lote linakuwa barafu.

Dawa yake ni kulikata vipande vyembamba, unene wa kidole, na kuliacha nje dakika chache kabla ya kula. Embe hukubali vizuri sana. Ndizi hulainika kama aiskrimu, ila ipakwe limau ili isigeuke nyeusi. Chungwa ni zuri ukiwa na subira ya kumenya ngozi nyembamba ya kila kipande, mimi sina.

Mwanangu ana miaka mitatu na anazipenda. Nampa ngapi kwa siku?

Hili ndilo lililonitia wasiwasi. Kabla ya ngapi, tuzungumze zinavyokatwa. Zabibu nzima ni miongoni mwa vyakula vinavyojulikana sana kwa kuwasakama watoto wadogo. Ni ya mviringo, inateleza, na ukubwa wake unaweza kuziba kabisa njia ya hewa ya mtoto. Ikiwa imeganda ni hatari zaidi, kwa sababu haibonyei na yeye hawezi kuitafuna vizuri.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, kata kila zabibu kwa urefu wake mara mbili ili utoe vipande 4, na ukate kabla ya kugandisha. Ukiikata kwa upana unapata visahani vya mviringo ambavyo bado vinaweza kuziba koo. Hata vipande hivyo usimpe vikiwa vigumu. Viache vilainike hadi vibonyee kwa vidole. Mtoto akae anapokula, asikimbie wala kulala chali, na mtu mzima awe karibu. Kwa umri wa mwanao mimi ningesaga zabibu, nichuje maganda, nigandishe kwenye trei ya barafu, kisha nimpe kwa kijiko zikishakuwa laini.

Baada ya hapo idadi ndiyo inayobaki: konzi moja ya mkono wake inamtosha.

Zikiyeyuka nazirudisha kwenye friza?

Hapana. Barafu imeshapasua kuta za tunda, na likiyeyuka linalegea na kutoa maji. Tena friza haiui vijidudu, huvisimamisha tu, na vikipata joto vinaamka. Hiyo pia ndiyo sababu ya kuosha matunda vizuri mwanzoni.

Nimeona matunda makavu yanayovunjika kama biskuti, yanasemekana yamekaushwa kwa baridi. Friza yangu itafanya hivyo nikiyaacha muda mrefu?

Utangoja sana. Mashine ya kazi hiyo hugandisha tunda, kisha pampu huiondoa hewa hadi shinikizo lishuke chini ya milibari 6 hivi, wakati hewa ya kawaida ni takribani milibari 1,013. Hapo barafu hugeuka mvuke bila kupitia maji, na tunda hubaki na umbo lake likiwa jepesi na lenye vitundu. Katika friza ya nyumbani barafu hutoroka pia, ila polepole na juu juu tu. Unachopata si biskuti.

Kuna zabibu zenye ladha ya pipi ya pamba. Je, zinachomwa sindano ya ladha?

La. Zinaitwa Cotton Candy na zilitokana na kuchavusha aina za zabibu kwa mkono na kuchagua miche bora kwa miaka mingi. Kazi hiyo iliongozwa na David Cain wa kampuni ya International Fruit Genetics huko California, na zikaanza kuuzwa mwaka 2011. Uchachu wake ni mdogo, ndiyo maana zinaonekana tamu mno. Sasa umeshajua nitakachosema: zikigandishwa tupu zinapooza. Zipe limau.

Je, hizi ni afadhali kuliko pipi za dukani? Mume wangu ana kisukari.

Ni tunda, kwa hiyo lina maji na nyuzinyuzi ambavyo pipi haina, na koti la unga ni jepesi ukilikung'uta. Lakini gramu 100 za zabibu zina sukari karibu gramu 16 hata kabla hujaongeza chochote, na kugandisha hakupunguzi hata moja. Ubaridi unaificha tu, na hapo ndipo mtu humaliza bakuli bila kujua. Mume wako azipime na kuzihesabu kama tunda lingine lolote, kwa kiasi alichoelekezwa na daktari wake, na azile na limau bila sukari ya juu.

Kwa meno, mchanganyiko wa asidi na sukari haufai kulambwa kutwa nzima. Tabaka gumu la nje la jino huanza kuyeyuka pH ya mdomo (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu umezidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, na limau liko chini sana ya hapo. Kula kwa mkupuo, sukutua kwa maji, na usipige mswaki mpaka nusu saa ipite.

Zinakaa muda gani?

Kwa ladha nzuri, miezi 2. Kamua hewa yote kwenye mfuko kabla ya kuufunga, na usiziweke karibu na samaki au vitunguu. Zikitoa mabaka meupe makavu, ndiyo ile barafu niliyosema hutoroka polepole. Hazina madhara, ila hazinogi tena. Zisage na maji baridi, ongeza limau, unywe.