Mifululizo mitatu, mkono mmoja: jibu kwa aliyeuliza kama aanze kitabu kipya au amalizie cha zamani

Mdogo wangu, umesema umemaliza rasimu ya kwanza ya riwaya yako ya upelelezi, kurasa 180, na kabla hujairudia hata mara moja limekujia wazo la mfululizo mwingine kabisa, wa kifamilia, na sasa usingizi huna. Umeuliza mawili: uandike yote kwa pamoja au uache moja, na utajuaje kwamba kitabu kimehaririwa vya kutosha. Nilianza kukujibu kwa mistari mitatu nikafuta. Jambo hili nimeliishi miaka 11, acha nikueleze kwa kirefu.

Mimi ni fundi cherehani, niko Muheza. Alfajiri naandika, mchana nashona. Nina mifululizo mitatu. Wa kwanza ni wa sajini mstaafu anayefanya upelelezi Tanga mjini, maeneo ya bandarini. Vitabu vitatu vimetoka na cha nne niko sura ya 17 kati ya 26. Wa pili ni wa mkonge: familia moja ya manamba (vibarua wa mkataba mashambani), kuanzia miaka ya 1940 mpaka mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967. Huo una kitabu kimoja kilichotoka, na cha pili nakihariri kwa mara ya tatu. Wa tatu ni vitabu vya watoto, kurasa 32 kila kimoja. Vitano vimetoka, cha sita kiko kwa mhariri.

Sasa swali lako la kwanza. Usiandike rasimu mbili kwa wakati mmoja. Vitabu vitatu unaweza kuwa navyo mkononi, ila visiwe hatua moja. Kimoja kiandikwe, kimoja kihaririwe, kimoja kilale.

Nasema hivi kwa sababu nilijaribu. Mwaka 2016 nilijipangia alfajiri sajini, usiku mkonge. Mwezi wa kwanza nilifurahi, kurasa zilikuwa zinaongezeka pande zote mbili. Mwezi wa tatu nikakaa kusoma. Sajini wangu, mtu wa maneno machache anayejibu swali kwa swali, alikuwa amegeuka mzee wa barazani: anazunguka, anapiga methali, anaanza na habari za ukoo. Na Mwanaidi, mtoto wa miaka 12 katika kambi ya mkonge mwaka 1951, alikuwa anamhoji mama yake kama yuko kituo cha polisi. “Ulikuwa wapi jana saa tatu usiku?” Mtoto wa kambini hamuulizi mama yake hivyo. Nilitupa sura 9, tano za huku na nne za kule, na nilizililia.

Rasimu inataka uvae sauti ya watu wako, na sauti hiyo haivuliwi kwa kufunga daftari tu. Unaenda nayo sokoni, unalala nayo. Kuhariri ni kazi ya namna nyingine. Pale nguo imeshakatwa, umemvisha mtu, unatazama wapi inavuta na wapi inalegea. Kichwa kinachofanya kazi hiyo ni kingine, kwa hiyo asubuhi naweza kuandika sajini na jioni nikahariri mkonge, na hawagombani.

Sisemi haiwezekani kuwa na mifululizo miwili hai. Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19, alikuwa mwajiriwa wa Posta, na alianza mfululizo wake wa wanasiasa kabla hajaumaliza ule wa Barsetshire, jimbo alilolibuni mwenyewe. Mwanasiasa mkuu wa mfululizo wa pili anapita kwanza ndani ya ule wa kwanza. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1883 baada ya kufa kwake, anaeleza kwamba alikaa mezani saa 11 na nusu alfajiri, saa imewekwa mbele yake, akijitoza maneno 250 kila robo saa. Mimi maneno 250 kwa robo saa siyawezi. Kipimo changu ni maneno 400 kwa alfajiri moja, siku tano kwa wiki, na sura zangu ni za maneno kama 2,000. Sura moja kwa wiki, basi. Kilichonifaa kwa Trollope ni kule kujua leo unadaiwa kiasi gani. Ukijua deni la leo, huamki ukijiuliza uanze na kitabu kipi.

Kalenda nayo iheshimu. Novemba mpaka katikati ya Januari mimi siandiki rasimu kabisa. Ni msimu wa sare za shule, wazazi wamejaa mlangoni, na usiku vidole vimechoka. Zamani nililazimisha, nikapata kurasa mbovu na sketi zilizokosewa kiuno. Siku hizi miezi hiyo ni ya kusoma prufu (kurasa za majaribio kabla kitabu hakijachapwa) na kurekebisha vitabu vya watoto. Tafuta na wewe msimu wako wa sare, uupe kazi inayoufaa.

Hapa kuna jambo naona waandishi wengi wa mifululizo tunalidharau: daftari la kumbukumbu. Kila mfululizo wangu una kaunta buku yake. Ndani naandika kila mhusika, mwaka aliozaliwa, kovu, jino lililong'oka, anamwitaje mama mkwe wake, chai anakunywa na sukari au hanywi. Kila sura ikiisha naandika mistari mitatu: nani ameonekana, nani amejua nini, ni saa ngapi na mwezi gani. Inachukua dakika kumi. Usipofanya hivyo, kitabu cha tatu kitakuumbua. Arthur Conan Doyle katika kitabu cha kwanza cha Sherlock Holmes, mwaka 1887, alisema Dk. Watson alipigwa risasi begani vitani; mwaka 1890, kitabu cha pili, jeraha liko mguuni. Wasomaji wanalijadili mpaka leo.

Kosa langu mimi lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilihusu watu waliokuwepo. Kitabu cha pili cha mkonge kina tukio la siku ya mshahara, mwaka 1958. Nilikuwa nimeandika kwamba baba yake Mwanaidi alikunjua noti, akaitazama picha ya Mwalimu, akaifunga kwenye pindo la kanga ya mkewe. Nilikipenda kile kipande. Mteja wangu mmoja, mzee aliyefanya kazi ujanani kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, alikuja kuchukua suruali, nikamsomea. Akacheka taratibu. “Mwanangu, mwaka huo Mwalimu alikuwa hajaingia kwenye noti. Tulikuwa na hela ya Afrika Mashariki, ina Malkia.” Kweli, shilingi ya Tanzania ilianza mwaka 1966. Mara mbili nilishahariri sura ile na macho yangu yalipita juu ya noti yanatafuta koma. Na nilipofungua kaunta buku nikaona jingine: Mwanaidi alizaliwa 1939, lakini katika tukio hilo nilimwita binti wa miaka 16. Alipaswa kuwa na 19. Miaka mitatu hiyo kwa msichana wa kambini ni tofauti ya kuchumbiwa na kutochumbiwa, kwa hiyo sura mbili nzima zilibadilika. Zikawa bora. Ile noti yenye Malkia imenipa mazungumzo ambayo nisingeyabuni.

Ukitaka kuona mhusika mmoja anavyobebwa muda mrefu bila kupotea, msome Mohammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mpelelezi wake, Bwana Msa, aliingia kitabuni mwaka 1960, na mwaka 1984 Abdulla bado alikuwa anaandika habari zake. Ukifungua kitabu chochote kati ya hivyo unamtambua kabla hajatajwa jina.

Kuhariri sasa. Mimi hupita mara tatu, na kila mara natafuta kitu kimoja tu. Mara ya kwanza ni hadithi yenyewe: nani anataka nini, na sura ipi ikiondoka hakuna atakayeiulizia. Katika mkonge nilikuwa na sura nzima ya mzee anayesimulia jinsi zao lilivyoingia: Dk. Richard Hindorf, Mjerumani, mwaka 1893, miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai kwetu ni 62 tu. Nilivutiwa mno na hiyo 62. Mashamba yote yale, watu wote wale walioletwa kutoka mbali, kwa miche 62! Nikaandika kurasa 11. Nilipopita mara ya kwanza nikaona Mwanaidi hayumo humo hata mstari mmoja. Zimebaki sentensi mbili, anazisema babu huku anakata kucha.

Mara ya pili ni sentensi. Rasimu ilisema: “Mwanaidi alihuzunika sana alipogundua kwamba baba yake amepoteza kazi.” Sasa inasomeka: “Baba alipoingia, Mwanaidi alitazama mfuko wa shati. Kipande hakikuwemo.” Kipande, kwa asiyejua, ilikuwa kadi ya kuhesabia siku ulizofanya kazi shambani. Kazi hii ni ya polepole, kurasa tano kwa jioni, na haina njia ya mkato.

Mara ya tatu ni sikio. Wifi yangu anasoma kwa sauti mimi nikiwa kwenye cherehani ya miguu. Simtazami, nashona. Mguu wangu ukisimama, anatia alama pembeni. Baadaye tunaangalia: ulisimama kwa sababu sentensi ilikwaruza, au kwa sababu hadithi ilinishika? Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Kitabu kimetosha pale wifi anaposoma kuanzia mwanzo hadi mwisho na mguu unasimama kwa sababu ya hadithi tu. Kitabu cha tatu cha sajini kilihitaji kusomwa hivyo mara mbili. Mkonge wa kwanza mara nne. Wewe cherehani huna, lakini tafuta mtu asome kwa sauti huku mikono yako ina kazi, kumenya viazi au kukunja nguo. Ukikaa tu unamsikiliza, utaanza kujitetea.

Kuna kosa moja nakuomba ulikwepe, maana najua vijana wengi mnaingia huko. Mwaka 2019 niliuza kitabu cha tatu cha sajini kwenye kundi la WhatsApp, sehemu moja kila usiku, watu wanatuma hela kwa simu. Nilianza nikiwa nimeandika sehemu 10 tu. Wasomaji walikuwa wema, wanasubiri mpaka saa sita usiku, na ile “endelea dada” inatia nguvu kweli. Lakini sehemu ya 22 niligundua muuaji wangu hakuweza kuwa ghalani usiku ule, kwa sababu sehemu ya 6 nilimweka kwenye basi la Korogwe. Watu 300 walishasoma. Sikuwa na pa kurudi. Nikabadilisha muuaji, na ikaonekana kwamba nimembadilisha. Kitabuni nilikuja kuliondoa basi, lakini wale 300 ndio walionipa hela yao ya kwanza, na ndio waliopata hadithi mbovu. Hilo bado linaniuma. Uza kwa sehemu ukitaka, ni soko zuri, ila rasimu iwe imekwisha na umeipitia walau mara moja.

Kuhusu wachapishaji, kwa kifupi: muswada wa kwanza wa mkonge ulikaa kwa mchapishaji mmoja miaka miwili bila jibu la ndiyo wala hapana. Kama ningekuwa na mfululizo ule peke yake, ningekata tamaa. Vitabu vya watoto vilizaliwa katika kungoja huko. Ndiyo maana sikuambii uliue hilo wazo lako jipya.

Fanya hivi. Nunua kaunta buku leo, iwe ya hiyo familia yako. Wiki mbili andika kila kinachokuja: majina, ugomvi, nyumba ilivyo, nani alimnyima nani shamba. Usiandike sura hata moja. Baada ya wiki mbili ifunge. Halafu chukua zile kurasa 180, zichapishe kwenye karatasi, uzisome mara ya kwanza bila kalamu. Ukitia kalamu siku ya kwanza utaanza kurekebisha koma katika sura ambayo huenda isibaki. Wazo jipya likikusumbua katikati, fungua kaunta buku, liandike, funga. Litakungoja. La mkonge lilinisubiri miaka sita kabla sijaandika neno.

Ukimaliza kuzisoma, rudi hapa utuambie ulikwama ukurasa gani. Mimi wiki hii nadaiwa sura moja: sajini amefungiwa ghalani tangu sura ya 15, na alfajiri ya kesho ndiyo zamu ya kumtoa.