Kagua upepo kabla ya kugusa planktoni
Ndugu, unauliza kwa nini modeli yako ya kompyuta ya tabianchi na bahari inatoa klorofili (rangi ya kijani inayoonyesha wingi wa planktoni, vimea vidogo vya baharini) kiduchu mashariki mwa Atlantiki ya ikweta, ilhali setilaiti huionyesha imejaa Julai na Agosti. Usikimbilie kuongeza kasi ya ukuaji wa planktoni. Modeli nyingi za tabianchi huonyesha pepo zinazovuma kutoka mashariki pale ikweta zikiwa dhaifu kuliko uhalisia, hasa Machi hadi Mei. Maji ya joto hurundikana kuelekea Ghuba ya Guinea, maji baridi yenye nitrati hubaki chini mno, na planktoni hukosa chakula. Endesha modeli ya bahari peke yake, bila sehemu ya angahewa, kwa upepo unaotokana na vipimo, kisha linganisha kina ambapo maji yana nyuzijoto 20 za Selsiasi, kinachoonyesha maji baridi yako chini kiasi gani. Klorofili ikipanda, tatizo ni upepo. Ukilificha kwa kubadilisha vigezo vya biolojia, kama kasi ya ukuaji, makadirio yako ya mwaka 2100 hayataaminika.