Jumatano Nilijifungia Bafuni

*Shikamoo Shangazi,*

*Naishi Houston, Texas, na mume wangu na watoto wawili: binti wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka sita. Tangu Agosti nawasomesha mwenyewe nyumbani. Nimebandika ratiba jikoni, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa: Hesabu, Kusoma, Sayansi, Jiografia, yote. Wiki iliyopita Jumatatu tulifika saa nne tu. Jumanne mdogo aliingia chini ya meza akakataa kutoka. Jumatano mkubwa akaniambia, "Wewe si mwalimu, wewe ni mama tu." Nilijifungia bafuni, nikafungua maji ili wasinisikie nikilia. Alhamisi hatukugusa kitabu. Ijumaa nikawapa ya siku nne kwa mkupuo, kisha jioni nikaenda zamu yangu kwenye nyumba ya wazee.*

*Baba yao anafanya kazi usiku kwenye ghala. Akiamka alasiri swali lake ni moja: "Leo mmesoma nini?" Na mavyaa hupiga simu kutoka Mombasa kila Jumapili kuniambia nawaharibu wajukuu wake. Niwarudishe shule?*

*Mama Wawili*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, ualimu hauniachi. Nimepigia mstari neno moja: ratiba. Ibandue.

Nilifundisha darasa la pili kwa miaka mingi, watoto zaidi ya hamsini katika chumba kimoja. Siku yetu ilikuwa ndefu, lakini si yote iliyokuwa masomo. Kuita majina, kugawa madaftari, kuamua ugomvi wa kifutio, kumngoja aliyeenda chooni, kusahihisha safu nzima huku safu nyingine inapiga kelele. Ukiyaondoa hayo, kila mtoto alipata dakika chache mno za mwalimu wake. Wewe una wawili. Saa moja ya kitabu kwa mdogo, mbili au mbili na nusu kwa mkubwa, inatosha kabisa. Hizo saa saba umeziiga kutoka kwenye jengo lenye kengele, na nyumba yako haina kengele.

Tena hata jimbo lenyewe halikukudai hayo. Mahakama ya Juu ya Texas ilishalimaliza jambo hili mwaka 1994, katika kesi ya Leeper: nyumba inayosomesha watoto kwa nia ya kweli, kwa mtaala ulioandikwa, huhesabiwa kama shule binafsi. Masomo yanayotakiwa ni matano: kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Hukupangiwa idadi ya saa, wala huulizwi cheti cha ualimu. Sikwambii uache Sayansi, nakwambia Sayansi inaweza kuwa Alhamisi moja ya kuchimba udongo nyuma ya nyumba. Ila kama binti alikuwa shule ya serikali na ulimtoa kimyakimya, waandikie barua ya kumwondoa leo hii, asije akahesabiwa mtoro.

Sasa tumfuate huyo aliye chini ya meza. Hukuniambia ni somo gani lililomkimbiza, lakini nahisi ni kusoma Kiingereza. Mtoto wa miaka sita akikuta *though*, *through* na *cough* kwenye ukurasa mmoja, ana haki ya kutafuta meza. Mwanzishie ba, be, bi, bo, bu. Kiswahili chetu husomwa kama kinavyoandikwa. Akishazishika silabi ataweza kujisomea neno zima peke yake, na mtoto aliyeonja hivyo mara moja hurudi kwenye kile Kiingereza kigumu na moyo mwingine. Hata hesabu jaribu hivyo. *Eleven* haimwambii kitu, lakini kumi na moja inamwonyesha kumi iko hapa na moja iko pale. Na saa za ukutani zitawashughulisha wote wawili: huko wanaita saa mbili, bibi yao anaita saa nane. Waulize kwa nini, uwaache wabishane.

Binti hakukutukana, mwanangu. Ana miaka tisa, ameacha marafiki, na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Muulize anamkumbuka nani. Mtafutie watoto wenzake mara mbili kwa wiki, kwenye maktaba ya mtaani, msikitini au kanisani, au kwa familia nyingine zinazosomesha nyumbani. Pia usimfanye yaya wa mdogo wake ili wewe upike. Hilo mabinti wakubwa hatulisahau.

Na baba yao. Hapa nitasema bila kupaka mafuta. Mtu anayeamka alasiri na kuuliza "mmesoma nini" amejifanya mkaguzi. Ninajua zamu ya usiku inachosha, lakini wewe pia una zamu, na yako inaanza ukishamaliza nyingine. Mtu wa ghala anajua hesabu kuliko anavyodhani: maboksi mangapi kwa kila rafu, rafu ngapi kwa lori. Hiyo ni kuzidisha, na binti yako yuko pale pale. Nusu saa, siku nne kwa wiki, akiwa ameshakunywa chai yake. Akikuuliza tena, mvutie kiti umwambie, "Hesabu tulikuachia wewe." Lakini mzungumze kwanza mkiwa wawili, watoto wakiwa wamelala.

Mavyaa usimwone adui. Huku kwetu Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, na asiyempeleka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Kwake yeye, mtoto aliyeko nyumbani Jumanne asubuhi ni mtoto aliyefukuzwa au aliyekosa karo. Kumweleza kwa maneno utachoka bure. Jumapili mpe binti simu amsomee ukurasa mmoja wa Kiswahili. Halafu bibi awategee. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Wakishindwa adai mji wake, kama ilivyo desturi, kisha awape yai lao. Umepata mwalimu wa Kiswahili bila kulipa senti, na yeye atakuwa na la kuwasimulia majirani.

Kuhusu kuwarudisha shule, usiamue kwa wiki ile ya machozi. Jaribu hivi mpaka Desemba. Siku ya zamu yako isiwe na kitabu kipya. Wasikilize hadithi, wakusaidie kupima unga wa chapati, wagawe chapati moja vipande vinne, kisha vinane. Desemba ikifika na binti bado anaililia shule, mrudishe bila kuona haya, hata kama mdogo atabaki nawe. Si lazima wote wawili wapite mlango mmoja.

Na Jumanne mdogo akiingia tena chini ya meza, usimvute mguu. Chukua kitabu, umfuate huko huko.

Shangazi